SOMO: UTUNZAJI WA PASI NA HATI ZA SAFARI KATIKA MELI ZA KITALII



Somo hili limekusudiwa wale wanaosafiri, au wanaotarajia kusafiri, katika meli kubwa za kitalii, pamoja na jamaa zao wanaobaki nyumbani. Linawahusu vile vile watu wa visiwani humu wanaozipokea meli hizo zinapofika Malindi. Kwa muda mrefu safari za namna hii zilihesabiwa kuwa ni mambo ya wageni peke yao. Hata hivyo wapo wazee wetu wanaoalikwa na watoto wao walioko Ulaya au Ghuba wafuatane nao kwa wiki moja baharini, na wapo vijana wanaokwenda kufanya kazi katika meli hizo. Wote hao hupanda ngazi ya meli wakiwa na pasi mkononi, na wengi wao hawafahamu pasi hiyo itakuwa wapi saa mbili baadaye.

Msafiri wa ndege hukaa na pasi yake mfukoni tangu anapoaga nyumbani hadi anapofika aendako. Safari ya meli ya kitalii haiendi hivyo. Meli yenye abiria elfu mbili au tatu huingia bandarini asubuhi na kuondoka jioni ile ile. Lau kama kila abiria angelazimika kupita mbele ya afisa wa uhamiaji na kugongewa muhuri katika kila bandari, siku ingelimalizika watu wangali katika foleni. Kwa sababu hiyo, katika njia nyingi pasi zote hukusanywa na karani wa meli mwanzoni mwa safari, na maofisa wa uhamiaji wa kila nchi hushughulika na meli nzima kwa pamoja kwa kutumia orodha ya abiria. Orodha hiyo imo miongoni mwa fomu zilizowekwa chini ya Mkataba wa Kurahisisha Usafiri wa Baharini wa Kimataifa uliofikiwa London mwaka 1965, nao ulikusudia kupunguza wingi wa karatasi bandarini. Ndani yake huandikwa jina la abiria, uraia wake, tarehe aliyozaliwa na nambari ya pasi yake.

Badala ya pasi, abiria hupewa kadi ndogo ya meli. Kadi hiyo hufungua mlango wa chumba, hulipia anachonunua melini, na ndiyo inayosomwa na mashine kila anaposhuka na anapopanda, ambapo picha aliyopigwa siku ya kwanza hutokeza mbele ya mlinzi wa ngazi. Kwa hivyo anayeombwa pasi yake na karani wa meli siku ya kupanda asione kuwa amedhulumiwa. Anachotakiwa ni kuhakikisha kwamba anayeipokea ni mfanyakazi wa meli mwenye kitambulisho, aliyekaa katika meza rasmi, na aombe stakabadhi pale inapotolewa. Kabla ya kuitoa, awe tayari ameshachukua kivuli chake.

Katika njia nyingine pasi haikusanywi, na msafiri huachiwa aitunze mwenyewe. Hapo ndipo watu huhitilafiana. Wapo wanaotembea nayo kila mahali, wakiamini kuwa mfuko wao ndio amana bora kuliko zote. Na wapo wanaoificha mahali ambapo hata wao wenyewe huisahau. Tukio moja lililotokea katika kisiwa cha Afrika linaeleza vizuri zaidi kuliko kanuni yoyote jambo linalofaa kufanywa.

Mwezi Machi mwaka 2024, meli iitwayo Norwegian Dawn ilikuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Barcelona, ikapita katika visiwa vya São Tomé na Príncipe. Abiria wanane walishuka kwenda matembezini kwa mpango wao wenyewe, nje ya matembezi yaliyoandaliwa na meli, wakachelewa kurudi. Kwa maelezo yao, walinzi wa pwani waliwapakia katika boti hadi ilipo meli, lakini hawakupandishwa. Meli ikaondoka. Baadhi yao walikuwa wameacha dawa zao na kadi zao za benki vyumbani. Walihangaika kuifuata meli kwa ndege hadi Gambia, lakini huko nako meli ilishindwa kuingia bandarini kwa sababu ya maji kupwa. Hatimaye waliikuta Dakar, Senegal, mwanzoni mwa mwezi wa Aprili.

Habari hiyo ilienea duniani, na watu walibishana sana kuhusu nahodha: alifanya haki au hakufanya? Somo letu halina haja ya kuingia katika ubishi huo. Kilichopita bila ya kuangaliwa sana ni kwamba watu hao waliweza kuvuka mipaka ya nchi kadhaa kwa sababu pasi zao hazikuondoka na meli. Kampuni ya meli ilieleza kuwa saa ya kupanda ilipopita na wao hawajaonekana, pasi zao zilikabidhiwa kwa wakala wa meli aliyepo bandarini, ili wakirudi wazikute. Huo ndio utaratibu unaofuatwa katika meli nyingi. Mtu anapokosekana, maofisa wa meli hutafuta pasi yake. Ikiwa ipo kwa karani huchukuliwa mara moja, na ikiwa haipo kwake hufunguliwa sefu ya chumba cha msafiri.

Kutokana na hayo tunapata jambo ambalo wengi hawalifikirii. Pasi iliyofichwa kupita kiasi ni pasi iliyopotea. Anayeishonea ndani ya bitana ya sanduku, au anayeifunga katika kanga na kuisukuma chini ya godoro, amemzuia mwizi, lakini amemzuia pia afisa wa meli mwenye dakika kumi tu za kuitafuta kabla ya kung'oa nanga. Mahali pa pasi ni ndani ya sefu ya chumbani, peke yake au pamoja na kadi ya chanjo na tiketi ya kurudia nyumbani. Isichanganywe na vito na bahasha za fedha, na isiachwe juu ya meza wala katika mtoto wa meza. Watu wawili wanaolala chumba kimoja wote wajue nambari ya kufungulia sefu hiyo.

Anayeshuka achukue nini? Ushauri wetu ni kwamba, isipokuwa pale nchi inayofikiwa imetaka pasi yenyewe ionyeshwe, msafiri ashuke na kadi ya meli, kitambulisho kingine chenye picha, na kivuli cha ule ukurasa wa pasi wenye picha yake na cha ule wenye viza. Matangazo ya kila siku melini hueleza iwapo pasi inahitajika katika bandari ya kesho, nayo yasomwe. Dawa za siku mbili na kiasi cha fedha cha kumwezesha mtu kulala usiku mmoja nchi kavu navyo vifuatane naye, kwani msukosuko wa São Tomé uliwaelemea zaidi wale waliokosa hivyo viwili. Karatasi ndogo yenye jina na simu ya wakala wa meli katika bandari ile ni ya lazima. Jina hilo hupatikana katika matangazo hayo hayo au kwa karani.

Hapa inafaa kuingiza neno kuhusu saa. Meli inaweza kufuata saa yake yenyewe, isiyolingana na saa ya mji, na muda wa mwisho wa kupanda huandikwa kwa saa ya meli. Aidha sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ubao unaosema 17:30 unakusudia saa kumi na moja na nusu jioni. Mzee asiyezoea maandishi hayo aelezwe mapema na mtoto wake, wala asiachiwe akisie.

Kuhusu majanga baharini

Sefu ni mahali salama maadamu meli inaelea. Usiku wa tarehe 13 Januari, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200, na watu 32 walifariki. Waliookoka walifika ufukweni wengi wao wakiwa na nguo walizovaa tu. Pasi zao zilibaki vyumbani. Balozi za nchi zao mjini Roma zilikuwa na kazi ya kuwatambua watu na kuwapatia hati za dharura za kurejea makwao.

Katika hali kama hiyo, aliyeacha kivuli cha pasi yake kwa ndugu huwa na unafuu mkubwa kuliko aliyebeba vivuli vitatu ndani ya begi moja. Kila msafiri na aache nyumbani, kwa mtu mmoja anayeaminika na anayepokea simu, kivuli cha pasi, nambari yake, tarehe na mahali ilipotolewa, pamoja na jina la meli na orodha ya bandari. Picha iliyohifadhiwa katika simu inafaa, lakini simu huweza kuzama au kuibwa pamoja na mkoba. Kwa hivyo picha hiyo itumwe pia kwa huyo aliyebaki nyumbani. Atumiwe yeye peke yake. Imekuwa desturi mbaya kwa wasafiri kuuonyesha ukurasa wa pasi katika mitandao kwa furaha ya safari, bila ya kujua kwamba ile mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa imebeba jina, nambari ya pasi, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kila anayejua kuisoma huisoma.

Na iwapo king'ora cha hatari kitalia, pasi iachwe. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu maneno yote ya juu yanaweza kumfanya mtu adhani kuwa kitabu kile ni bora kuliko roho yake. Hati hutolewa nyingine. Anayerudi chumbani kuifuata wakati watu wanapanda kwenda kwenye maboti huziba njia, na huenda asitoke. Mamia ya abiria waliopanda Costa Concordia siku ile ile katika bandari ya Civitavecchia walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa. Baadaye kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu Januari 2015 zoezi hilo ni sharti lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Msafiri ahudhurie, hata kama miguu inamuuma.

Pasi inapopotea

Aliyepotelewa na pasi nchi kavu asisubiri mpaka jioni kwa kutarajia kuwa itaonekana. Kwanza apeleke habari kwa karani au kwa wakala wa meli, kwa kuwa wao wanayo nambari ya pasi katika orodha ya abiria. Kisha aende polisi ya mji ule apatiwe taarifa ya upotevu iliyoandikwa, na awasiliane na ubalozi wa Tanzania. Ubalozi wetu katika Italia uko Roma. Katika Falme za Nchi za Kiarabu uko Abu Dhabi, na upo ubalozi mdogo Dubai. Oman uko Muscat. Nchi nyingi ndogo, na hasa za visiwa, hazina ubalozi wetu, na huhudumiwa na ubalozi ulioko nchi jirani. Anwani hizo ziandikwe kabla ya safari, bandari baada ya bandari.

Hati ya dharura inayotolewa na ubalozi kwa kawaida ni ya kumrejesha mtu nyumbani. Hili Mtanzania alifahamu vyema, kwani vitabu vingi vya ushauri wa safari za meli vimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani na Waingereza, ambao huingia nchi nyingi bila ya viza. Kwa mfano, raia wa Marekani anayeondoka katika bandari ya nchi yake na kurejea hapo hapo baada ya kuzunguka Karibea, mara nyingi huruhusiwa kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Jambo hilo halimhusu raia wetu hata kidogo, ingawa wanasafiri katika meli moja na wanakula meza moja. Sisi, pasi inapopotea, hupotea pamoja na viza zilizobandikwa ndani yake, na hapo safari huwa imekwisha hata kama meli ingali bandarini.

Viza zenyewe ziangaliwe kwa ramani. Meli ikitoka Barcelona ikapita Tunis na kisha ikaingia Palermo, msafiri atakuwa ametoka katika eneo la nchi za Schengen na kuliingia tena; viza ya kuingia mara moja tu haitamfaa. Pasi nayo iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kurudi, kama nchi nyingi na makampuni ya meli yanavyotaka.

Akiisha kutoa taarifa ya kupotea, asiitumie tena pasi hiyo hata ikiokotwa kesho yake. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina daftari la hati zilizopotea na kuibwa tangu mwaka 2002, na nambari ikishaingizwa humo mwenyewe huweza kuzuiwa mpakani kama mhalifu. Wapo wanaochelea kutoa taarifa kwa sababu hiyo, nasi tunaona hawana hoja. Mwezi Machi 2014 ilipopotea ndege ya Malaysia iliyokuwa ikienda Beijing, iligundulika kuwa abiria wawili walipanda kwa pasi za wengine, mmoja raia wa Austria na mmoja wa Italia, zilizoibwa Thailand. Wenyewe walikuwa salama, na kwa kuwa walikwisha kutoa taarifa, ilijulikana upesi kwamba majina yao yametumiwa na watu wengine.

Majina, chanjo na watumishi

Majina yetu yana tahajia zaidi ya moja. Khamis na Hamis, Abdalla na Abdallah, Mwanakhamis na Mwanahamisi: mtoto aliyeko nje hukata tiketi kama anavyoandika yeye, na pasi ya mama imeandikwa vyengine. Jina la tiketi na la viza lifuate la pasi, herufi kwa herufi, na lisahihishwe wiki kadhaa kabla ya safari.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itunzwe pamoja na pasi. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ni ya maisha, na aliye na kadi ya zamani haihitaji nyingine kwa sababu tu ya miaka kumi kupita. Lakini kadi iliyofutika maandishi kwa maji ya bahari haimsaidii mtu. Mfuko wa nailoni unaofungika barabara unatosha. Pasi ya elektroniki iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 ina kifaa kidogo ndani yake, hivyo isikunjwe, isikaliwe, na ikiloa isikaushwe kwa pasi ya kunyoshea nguo.

Watumishi wa Serikali wakumbuke kwamba pasi ya kiutumishi ni ya safari za kazi. Matembezi ya familia yafanywe kwa pasi ya kawaida. Kwa upande wa mabaharia, hati yao ya utambulisho ina kinga yake: Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 185 wa mwaka 2003 unaeleza kuwa hati hiyo itakaa kwa baharia mwenyewe wakati wote, isipokuwa pale nahodha anapomtunzia kwa ridhaa ya baharia iliyoandikwa. Kijana atakayeambiwa na mtu wa kati nchi kavu kuwa hati zake zitakaa kwa mtu huyo mpaka alipe deni la ajira, ajue kuwa hapo hakuna utunzaji wowote.

Wakaazi wa Mji Mkongwe, madereva na watembezaji wageni wana sehemu yao pia. Meli ya kitalii haikai hapa kwa siku tatu. Pasi ya mgeni iliyookotwa Forodhani saa nane mchana na kupelekwa polisi siku ya pili huwa imemkosa mwenyewe, ambaye ameshafika Mombasa au amebaki Malindi akilia. Ipelekwe saa ile ile kituo cha polisi kilicho karibu au kwa maofisa wa uhamiaji bandarini, nao watamjulisha wakala wa meli. Mwenye kuipeleka asidai ujira, wala asimpe mtu mwingine aliyesema anamjua mwenyewe.

Usiku wa mwisho wa safari, pale karani wa meli anaporudisha pasi zilizokusanywa, msafiri aifungue yake hapo hapo mezani kabla ya kuondoka. Aangalie picha, aangalie jina, na ahakikishe kuwa viza na kadi ya chanjo zimo ndani, kwa kuwa pasi za rangi moja zinafanana, na kesho yake asubuhi kila mtu atakuwa ameelekea uwanja wake wa ndege.